Mwani umekufa, tope limetoka mradini: Mahakama ya Arusha itatusaidia au tunajisumbua?

#1 Mla_Pweza (Jumatatu 10 Juni 2024, saa 2:14 usiku)

Wakuu, habari za usiku. Naomba mawazo, matusi wekeni akiba.

Mama yangu mdogo analima mwani kijiji kimoja kusini ya Tanga mjini. Tarehe 24 Februari, bamvua la mwezi mpevu, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, walipanda. Siku 45 zikaangukia Jumanne 9 Aprili, kesho yake Eid. Wakaingia kuvuna wapate hela ya sikukuu. Wakakuta kamba zimelala chini, zimefunikwa na tope jekundu. Jekundu la shambani, si lile jeusi la mikokoni tulilolizoea. Ukiinua kamba, mwani unakatika kama tambi zilizozidi kuiva, na mkono unabaki na rangi mpaka jioni.

Huko juu kuna kampuni moja (siitaji, sitaki kesi juu ya kesi) imekata mikoko na kumwaga kifusi cha barabara ya kushukia ufukweni. Kibali wanacho, bango limesimama.

Tarehe 22 Aprili akina mama wakampelekea mtendaji barua. Nakala ninayo, ina muhuri wa bluu, IMEPOKELEWA. Jibu hakuna. Tarehe 24 wakaazima mbegu wakapanda tena. Juzi Jumamosi wametoka kuvuna, kamba zina vijiti vyeupe tu.

Msibani jana kijana mmoja akaniambia: ipelekeni hiyo kampuni Mahakama ya Haki za Binadamu Arusha, pale hakuna longolongo. Inawezekana? Kuna aliyewahi? Tunaanzia wapi?

#2 Mgosi_wa_Kange (saa 2:31 usiku)

Natandika mkeka hapa mbele kabisa. Mpe pole mama mdogo. Halafu huyo kijana wa msibani alikuwa ameshakula pilau, au alikuwa anaongea kwa njaa?

#3 Chumvi_Kidogo (saa 2:40 usiku)

Niko Arusha mwaka wa kumi na moja. Mahakama za namna hiyo huku ziko mbili, na hata bodaboda wanazichanganya. Mmoja anakushusha makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, jirani na AICC. Mwingine anakupeleka Barabara ya Dodoma kwenye majengo ya TANAPA. Ya kwanza ni Mahakama ya Afrika Mashariki, EACJ. Ya pili ni Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mwaka juzi nilizunguka na mjomba na bahasha yake ya mgogoro wa shamba, tukagonga zote mbili, na kote tukaambiwa kwa heshima kabisa kwamba si hapa.

#4 WakiliwaBarazani (saa 3:05 usiku)

Mtoa mada, kijana wa msibani amekosea mara mbili.

Kwanza, hakuna hata moja kati ya hizo mbili inayoshtaki kampuni. Unayemshtaki ni serikali: imefanya nini, au imeacha kufanya nini.

Pili, kwa ile ya Barabara ya Dodoma mlango wa mtu binafsi Tanzania tumeshaufunga. Ili raia aingie moja kwa moja, nchi yake lazima iwe imeweka tamko la kuruhusu hivyo, la Ibara ya 34(6) ya Itifaki iliyounda mahakama hiyo. Sisi tuliliweka 2010, tukatoa taarifa ya kuliondoa Novemba 2019, na kuanzia tarehe 22 Novemba 2020 shauri jipya la raia wa hapa dhidi ya serikali halipokelewi. Yaliyotangulia yanaendelea.

Inabaki EACJ. Hiyo mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaingia, na hahitaji kumaliza kwanza mahakama za nyumbani. Ila Ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya ina mwiba wake: uwe umefungua ndani ya miezi miwili.

#5 BintiMakorora (saa 3:09 usiku)

Miezi miwili tangu lini?

#6 WakiliwaBarazani (saa 3:12 usiku)

Tangu kitendo kitendeke, au tangu ulipojua.

#7 Fundi_Saa (saa 3:20 usiku)

Hebu tuhesabu. Tope waliliona 9 Aprili. Miezi miwili inaisha 9 Juni. Leo ni tarehe 10.

#8 Mgosi_wa_Kange (saa 3:21 usiku)

Lahaula.

#9 Mla_Pweza (saa 3:26 usiku)

Fundi_Saa usinitanie. Siku moja?

#10 Fundi_Saa (saa 3:33 usiku)

Sitanii. Ila jana ilikuwa Jumapili, na sheria nyingi siku ya mwisho ikiangukia siku ya mapumziko husogea mbele. Kama na hapa ndivyo, leo ilikuwa ndiyo siku yenyewe. Na kabla hamjaanza: ni miezi miwili, si siku 60. Aprili hadi Juni ni siku 61. Watu wamewahi kulia kwa hiyo moja.

#11 Mgosi_wa_Kange (saa 3:35 usiku)

Saa tatu na nusu usiku, masjala imefungwa, karani anakula ugali. Mla_Pweza, ungepost uzi huu asubuhi.

#12 Kasa_Mzee (saa 4:02 usiku)

Wanangu, kabla hamjafika Arusha pitieni baharini kwanza. Nimevua maji haya kabla hamjazaliwa. Masika ya mwaka huu mvua haikuwa ya kawaida, na mwezi wa tano kikaja kimbunga Hidaya. Maji matamu yakishuka kwa wingi mwani unakufa, kampuni iwepo isiwepo. Kotoni, ile aina ya mwani yenye bei, tulianza kuizika zamani, wakati huko juu palikuwa na minazi na mbuzi wa watu. Jua likiwaka maji yamekupwa, unaona kabisa inageuka nyeupe. Mimi siitetei kampuni. Nasema jaji atauliza: nani kauua?

#13 BintiMakorora (saa 4:10 usiku)

Shikamoo mzee. Ila mvua haina rangi nyekundu.

#14 Kasa_Mzee (saa 4:18 usiku)

Marahaba. Mto Pangani ukifurika una rangi gani?

#15 Msomi_wa_Mwani (Jumanne 11 Juni, saa 12:50 asubuhi)

Nimesoma usiku kucha, nafanya kazi karibu na hili jambo. Mzee Kasa yuko sahihi nusu. Joto na maji matamu huufanya mwani uwe mweupe, ulegee, ukatike. Hivyo ndivyo ulivyoelezwa wa tarehe 8 Juni. Lakini tope huua kwa njia nyingine: linaukalia mwani, linauzibia mwanga, linaangusha kamba kwa uzito. Hivyo ndivyo ulivyoelezwa wa 9 Aprili, na hiyo ni kabla ya Hidaya, ambacho kilifika kwenye pwani yetu tarehe 4 Mei.

Yaani inawezekana mna vifo viwili vyenye sababu mbili. Au sababu moja imeudhoofisha na nyingine ikaumaliza. Kinachoweza kutenganisha ni kulinganisha: mashamba ya mbali na hiyo barabara, maji yale yale, mvua ile ile, yalivuna? Chukueni tope la kwenye kamba na udongo wa kifusi, kila moja kwenye chupa yake, mwandike tarehe na mahali, mpige picha. Vyote apime mtu mwenye sifa.

#16 WakiliwaBarazani (saa 1:30 asubuhi)

Na huyo mwenye sifa mumchague vizuri. Vijiji vinne vya Loliondo, Ololosokwan na wenzake, vilifungua shauri EACJ mwaka 2017 kupinga kuondolewa. Septemba 2018 wakapata zuio la muda. Septemba 2022 shauri likatupwa, hawakuthibitisha kwamba walikoondolewa ni ardhi ya kijiji na si ndani ya Hifadhi ya Serengeti. Walikuwa na mtaalamu wa upimaji kutoka Kenya. Ripoti yake ikawekwa kando kwa kuwa hakuwa na ruhusa ya kufanya kazi hiyo Tanzania. Novemba 2023 Kitengo cha Rufaa kikafuta hukumu hiyo na kuamuru lisikilizwe upya. Miaka sita, wamerudi mwanzo.

#17 Mgosi_wa_Kange (saa 1:41 asubuhi)

Jumuiya ya Afrika Mashariki, soko moja, nyanya za Kenya zinaingia, ripoti ya Mkenya haiingii.

#18 Dunda2 (saa 2:15 asubuhi)

Niwasalimu kutoka Bagamoyo. Mnahangaika na Arusha, mwenye hela haendi Arusha. Mnaikumbuka Razaba, ile ranchi ya Zanzibar huku kwetu? Ulikuja mradi wa miwa wa Wasweden, baadaye serikali ikafuta hati yao. Hawakuandika barua kwa mtendaji. Walikwenda Washington kwenye baraza la usuluhishi wa uwekezaji la Benki ya Dunia, 2022 wakapewa tuzo ya karibu dola milioni 165, na mwishoni mwa mwaka huo ndege yetu ya ATCL ikazuiliwa Uholanzi kwa deni hilo.

Nyinyi mna barua yenye muhuri wa bluu. Mtazuia nini, pikipiki ya mtendaji?

#19 BintiMakorora (saa 2:22 asubuhi)

Dunda2 umenichekesha na kuniuma kwa pamoja.

#20 Fundi_Saa (saa 2:40 asubuhi)

Tuwe waangalifu. Wale walikuwa na mkataba wa kulinda uwekezaji kati ya Sweden na Tanzania. Si kwamba Washington wana huruma, ni karatasi waliyokuwa nayo. Mkulima wa mwani karatasi yake ni ipi? Ufukwe hana hati nao.

#21 WakiliwaBarazani (saa 3:00 asubuhi)

Karatasi yake ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 4: kila mtu ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kifungu cha 5: anaweza kwenda mahakamani kuidai. Hakisemi uwe na hati. Na Ibara ya 24 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu inawapa watu wote mazingira ya kuridhisha yanayofaa kwa maendeleo yao.

#22 BintiMakorora (saa 3:08 asubuhi)

Ongeza kifungu cha 57, mita 60 kutoka ufukweni. Shughuli ya kudumu hairuhusiwi humo. Hiyo barabara ina mita ngapi?

#23 Mgosi_wa_Kange (saa 3:10 asubuhi)

Mita 60, siku 60 ambazo si 60, kamba sijui ngapi. Mnanifanya nikumbuke hesabu za darasa la saba Usagara.

#24 Chumvi_Kidogo (saa 4:25 asubuhi)

Wakili umesema raia hapiti ile ya Barabara ya Dodoma. Jamii ya Ogiek wa msitu wa Mau, Kenya, walishinda vipi basi? Kenya haijawahi kuweka hilo tamko.

#25 WakiliwaBarazani (saa 4:50 asubuhi)

Swali zuri. Walipita mlango wa uani. Malalamiko walipeleka kwa Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko Banjul, mwaka 2009. Kamisheni ndiyo iliyoishtaki Kenya mahakamani mwaka 2012. Hukumu ikatoka Mei 2017, ya fidia Juni 2022: shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa madhila. Mlango huo Mtanzania bado anao. Ila Banjul wanataka kwanza umalize mahakama za nyumbani, au uonyeshe kwamba zinajivuta kupita kiasi.

#26 Fundi_Saa (saa 4:58 asubuhi)

2009 hadi 2022 ni miaka 13. Na utekelezaji wake wanaudai mpaka leo.

#27 Dunda2 (saa 5:03 asubuhi)

Ukivuna kila siku 45, miaka 13 ni mavuno zaidi ya mia. Nimepiga kwa kikokotoo cha simu.

#28 Chumvi_Kidogo (saa 5:30 asubuhi)

Ila msikate tamaa na zile za makampuni. Meli ya Probo Koala ilipotupa taka za sumu Abidjan mwaka 2006, waliokwenda mahakama ya Afrika waliishtaki nchi, si mwenye meli. Septemba mwaka jana, 2023, mahakama ikasema Côte d'Ivoire iliwajibika kuwalinda watu wake. Na ile nchi ilikuwa imeshaondoa tamko lake 2020 kama sisi, ila shauri lilikuwa ndani tangu 2016. Kwa hiyo kuwahi ndiyo kila kitu.

#29 Mla_Pweza (saa 8:10 mchana)

Ndiyo natoka kazini nawasoma. Ahsanteni. Nimechanganyikiwa zaidi ya jana, ila kwa faida.

Nimempigia mama mdogo. Nikamuuliza, mlijua lini kwamba ni mradi? Akanijibu: "Kujua vipi? Tarehe 9 tuliona tope. Tukasema labda mvua. Ndiyo maana tukapanda tena. Ungekuwa unajua unaua mbegu ya mtu, ungeiazima?"

#30 BintiMakorora (saa 8:22 mchana)

Hapo! Wakili, hapo pana hoja. Mkulima hawezi kujua kwa zao moja. Anapanda la pili ili ajue. Zao ni siku 45. Ukitaka uhakika wa mazao mawili, Arusha wameshafunga mlango.

#31 WakiliwaBarazani (saa 9:15 alasiri)

Ni hoja, na mimi ningeisimamia. Lakini nikwambieni itakavyojibiwa. EACJ ni wakali sana kwenye muda. Kulikuwa na shauri la mateso ya Mlima Elgon dhidi ya Kenya. Wadai wakasema uvunjaji unaendelea kila siku, kwa hiyo muda haujaisha. Mwaka 2012 Kitengo cha Rufaa kikakataa. Saa inaanza kugonga mara moja, haiwashwi upya kila asubuhi.

Bomba la mafuta mnalijua, linaishia hapo Chongoleani. Mashirika manne yalifungua shauri EACJ Novemba 2020 kulipinga kwa hoja za mazingira na haki za watu. Novemba 2023 likatupwa bila hata kusikilizwa hoja zenyewe: mkataba wa Uganda na Tanzania ulisainiwa 2017, nyinyi mlikuwa wapi. Wakakata rufaa.

Na kwako Mla_Pweza kuna saa nyingine. Hilo bango lina tarehe ya kibali?

#32 Mla_Pweza (saa 9:20 alasiri)

Septemba 2023.

#33 WakiliwaBarazani (saa 9:24 alasiri)

Basi serikali itasema kitendo chetu ni kibali, na kibali kilisimama barabarani tangu Septemba mkikipita mkienda pwani.

#34 Mgosi_wa_Kange (saa 9:31 alasiri)

Kwa hiyo ulalamike kabla mwani haujafa. Ukienda mapema unaambiwa hujaumia. Ukiumia umechelewa. Hii ni sheria au ni bao la kete?

#35 Chumvi_Kidogo (saa 9:50 alasiri)

Waliowahi mapema walishinda lakini. Barabara ya lami kupita kaskazini ya Serengeti: shirika moja la kutetea wanyama la Nairobi lilifungua 2010 wakati barabara ni mpango tu, na Juni 2014 mahakama ikaizuia Tanzania kuijenga vile. Msiseme EACJ haiwezi kuzuia serikali.

#36 Dunda2 (saa 9:55 alasiri)

Nyumbu wana mawakili. Mwani una nani?

#37 Fundi_Saa (saa 10:05 jioni)

Tusiwasingizie nyumbu. Walishinda kwa sababu waliwahi.

#38 BintiMakorora (saa 10:11 jioni)

Walishinda kwa sababu dunia nzima ilikuwa inawatazama. Watalii hawaji Tanga kupiga picha za mwani.

#39 Kasa_Mzee (saa 11:40 jioni)

Au kwa sababu barabara ilikuwa haijajengwa, hakuna aliyepoteza fedha. Kumzuia mtu kuanza ni rahisi. Kumwambia abomoe, hapo ndipo mnapogombana.

#40 Mwanasheria_Mtarajiwa (saa 1:15 usiku)

Habari wakuu, ni mwanafunzi. Tulifundishwa kwamba ukitaka kuishtaki serikali unatoa notisi ya siku 90. Toeni notisi kwanza, kisha Arusha.

#41 Fundi_Saa (saa 1:18 usiku)

Siku 90 ni miezi mitatu. Arusha ni miwili. Mwanasheria mtarajiwa, endelea kutarajia.

#42 WakiliwaBarazani (saa 1:30 usiku)

Msimcheke, amegusa penyewe. Notisi ya siku 90 ni ya kuishtaki serikali mahakama za hapa nchini. EACJ haiitaki. Waliopotea njia hapo ni wengi: wanaanza nyumbani kwa adabu, wanasubiri notisi iive, wanageuka wanakuta Arusha imepita. Ukitaka vyote viwili, unavianza siku moja.

Na njia ya nyumbani msiidharau. Festo Balegele na wenzake 794 mwaka 1991 waliishtaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam kwa dampo la Kunduchi Mtongani, Mahakama Kuu ikawapa amri ya kulizuia. Mahakama Kuu ipo hapo Tanga, nauli ni ya daladala. Ila tangu 2020, kwa kesi ya haki za msingi inayotoka kwenye Katiba, lazima mwenye kufungua aape kwamba jambo limemgusa yeye mwenyewe. Mama mdogo limemgusa. Mimi na wewe hapana.

#43 Kilindi_Juu (saa 2:02 usiku)

Nimepita tu. Kwani hiyo mahakama ya Arusha wanaongea Kiswahili? Maana mama wa mwani na Kiingereza...

#44 Chumvi_Kidogo (saa 2:09 usiku)

Mkataba wa Jumuiya unasema lugha ya Mahakama ni Kiingereza. Kiswahili ndicho cha kuunganisha watu, yaani cha sokoni na kwenye hotuba.

#45 Mgosi_wa_Kange (saa 2:12 usiku)

Mwani kwa Kiingereza ni magugu ya bahari. Shauri limeshakufa hapo hapo. Jaji anasema, magugu yamekufa, kuna tatizo gani?

#46 BintiMakorora (saa 2:13 usiku)

😂😂 Mgosi kalale.

#47 Dunda2 (saa 2:45 usiku)

Kuna njia mmeisahau. Nani amekopesha huo mradi? Watu wa pembezoni mwa Ruaha walimlalamikia mkopeshaji, na Aprili mwaka huu Benki ya Dunia ikasitisha kutoa fedha za REGROW, ule mradi wa utalii wa hifadhi za kusini. Mwenye hela husikia haraka kuliko jaji.

#48 Mla_Pweza (saa 3:00 usiku)

Dunda2, hawa nadhani wamekopeshwa na shemeji yao. Ni kampuni ndogo.

#49 Mla_Pweza (Alhamisi 13 Juni, saa 3:37 usiku)

Wakuu, nimetoka kijijini leo. Nimepiga picha za bango, nimechukua chupa mbili kama alivyosema Msomi. Shamba la upande wa pili wa mlango wa bahari wamevuna, si vizuri sana, ila wamevuna. Mzee Kasa hiyo ni yako na ni ya Msomi pia, gawaneni.

Halafu mama mdogo akanitolea daftari. Sikujua analo. Daftari la shule lenye jalada la bluu, anafunga kwenye mfuko wa nailoni halafu kwenye kipande cha kanga. Kila bamvua tangu 2021: tarehe, kamba ngapi, kilo za mkavu, mnunuzi katoa ngapi, nani anadaiwa mbegu. Mwandiko wa kalamu ya risasi, mistari imenyooka kuliko ya karani. Kilo 41. Kilo 38. Kilo 44. Unafunua mpaka mwaka huu, unakuta: "9/4 tope la juu barabarani. Kilo 0. Eid hakuna."

#50 BintiMakorora (saa 3:41 usiku)

"Eid hakuna". Nimekaa kimya hapa.

#51 Msomi_wa_Mwani (saa 3:44 usiku)

Miaka mitatu ya takwimu za mavuno! Unajua kuna watafiti hawana hiyo? Mvua za miaka yote hiyo zimo humo. Hilo ndilo litakalotenganisha mvua na tope.

#52 Fundi_Saa (saa 3:52 usiku)

Samahani kuharibu furaha. Someni tena alichoandika. "Tope la juu barabarani." Tarehe 9 Aprili alishajua limetoka wapi.

#53 WakiliwaBarazani (saa 3:58 usiku)

Nililiona, nikasita kuandika.

#54 Mgosi_wa_Kange (saa 4:01 usiku)

Sasa si ni kalamu ya risasi? Kifutio shilingi mia mbili.

#55 WakiliwaBarazani (saa 4:02 usiku)

Mgosi, hapana. Hata kwa utani. Ukurasa mmoja ukiguswa, daftari zima linakuwa takataka, na kilo 41 na 44 zinakwenda nalo. Huyo mama atasimama na kilichoandikwa.

#56 Mgosi_wa_Kange (saa 4:05 usiku)

Nimeufyata. Nilikuwa natania kweli.

#57 BintiMakorora (saa 4:16 usiku)

Mimi nasoma tofauti. "La juu barabarani" ni mahali tope lilipotoka. Si kwamba alijua serikali imekosa wajibu wake. Arusha anayeshtakiwa ni serikali. Serikali waliiambia lini? Tarehe 22 Aprili, kwa muhuri. Kabla ya hapo serikali haijaacha kufanya kitu, kwa sababu haijaambiwa. Saa ianze kwenye muhuri.

#58 Fundi_Saa (saa 4:20 usiku)

Basi mwisho ni 22 Juni. Jumamosi.

#59 Kasa_Mzee (saa 4:31 usiku)

Serikali si ndiyo iliyotoa kibali na kusimamisha bango? Iambiwe mara ngapi kwamba kifusi hushuka na mvua?

#60 WakiliwaBarazani (saa 4:47 usiku)

Hoja ya dada ina miguu. Ya mzee nayo ni ile ile ya wakili wa serikali, ila yeye ataivalia joho. Siwezi kukuahidi ipi itashinda. Nachoweza kusema ni kwamba ukichelewa tarehe 22 hata hoja ya dada inakufa. EACJ ina masjala ndogo Dar es Salaam, huhitaji kupanda mpaka Arusha. Nitumie ujumbe wa faragha: nakala ya barua, picha za daftari kurasa zote na si hiyo moja, na majina ya akina mama walio tayari kuapa. Wiki ijayo Jumatatu ni Eid, kwa hiyo zimebaki siku chache kuliko mnavyofikiri.

#61 Dunda2 (saa 4:50 usiku)

Ukipita Bagamoyo kwenda Dar nishtue, nikupakilie kamba wa kukaanga wa njiani.

#62 Mla_Pweza (Ijumaa 14 Juni, saa 12:20 asubuhi)

Wakili nimekutumia. Akina mama tisa wamekubali kuapa, wawili wanasubiri waume zao warudi kutoka dago, kambi ya uvuvi.

Nimemwambia mama mdogo habari ya tarehe 22. Akatazama mwezi, akahesabu kwa vidole. Akasema: "Tarehe 22 bamvua linaanza. Mbegu nimeshaahidiwa, na kufunga siwezi peke yangu. Wewe utakuwa wapi?"

#63 Mgosi_wa_Kange (saa 12:31 asubuhi)

Nina likizo kuanzia Eid. Kufunga mbegu sijui, lakini nafundishika.